Bourbon ya nguvu ya pipa

Bourbon ya nguvu ya pipa ni wiski ya Marekani inayotiwa kwenye chupa ikiwa na ukali uleule, au karibu uleule, iliokuwa nao ilipomiminwa kutoka kwenye pipa. Wiski nyingi nyingine huongezewa maji kiwandani kabla ya kufungwa. Bourbon ya aina hii kwa kawaida huwa na alkoholi kati ya asilimia 54 na 68 ya ujazo wake, na mara chache huvuka 70. Bourbon iliyozoeleka madukani ina asilimia 40 hadi 50. Kwa kulinganisha, Konyagi ya Tanzania ina asilimia 35, na bia nyingi zina karibu 5.

Kwa sababu ya ukali huo, uonjaji wake una utaratibu wake. Anayeinusa na kuimeza kama wiski ya kawaida huhisi moto puani na kooni, na baada ya hapo hatambui kitu kingine. Anayeipa muda na kuitia maji kidogo kidogo hukuta ndani yake ladha nyingi kuliko zilizomo katika chupa iliyokwisha kuzimuliwa. Tofauti kubwa kati ya wiski hizo mbili ni maji: katika moja kiasi chake kimeamuliwa na kiwanda, katika nyingine kinaamuliwa na mnywaji.

Kipimo cha prufu

Nchini Marekani ukali wa pombe huandikwa kwa asilimia na pia kwa kipimo kinachoitwa prufu. Prufu ya Kimarekani ni asilimia mara mbili: wiski ya asilimia 50 ni prufu 100, na alkoholi tupu ni prufu 200. Kipimo huchukuliwa kwenye nyuzi 60 za Fahrenheit (takriban nyuzi 15.6 za Selsiasi), maana alkoholi hutanuka ikipata joto na hesabu ingebadilika.

Neno lenyewe linatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya uthibitisho. Husimuliwa kwamba zamani Waingereza walimwagia pombe baruti kisha wakaiwasha. Baruti ikishika moto, ilithibitika kwamba pombe haikuzimuliwa kupita kiasi. Baadaye serikali ya Uingereza, iliyotoza kodi kulingana na ukali, ilitumia chombo cha kupimia uzito wa kimiminika badala ya baruti. Prufu 100 ya Kiingereza ni sawa na asilimia 57.15, kwa hiyo haifanani na ile ya Kimarekani. Chupa ya asilimia 40 iliandikwa 70 Uingereza na 80 Marekani. Msomaji wa vitabu vya zamani anapaswa kujua kwanza kitabu kilichapishwa wapi.

Masharti ya sheria

Jina bourbon linalindwa na sheria za Marekani. Mchanganyiko wa nafaka lazima uwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51. Sehemu inayobaki huwa kimea cha shayiri pamoja na rai (nafaka ya nchi za baridi inayofanana na ngano) au ngano yenyewe. Pombe hukenekwa isizidi asilimia 80, kisha hutiwa katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, ikiwa haizidi asilimia 62.5. Inapotiwa chupani isipungue asilimia 40. Bourbon inaweza kutengenezwa popote nchini Marekani, ingawa sehemu kubwa hutoka jimbo la Kentucky. Mwaka 1964 Bunge la nchi hiyo liliitambua kama bidhaa ya pekee ya Marekani.

Maneno "nguvu ya pipa" nayo yana masharti. Kwa uamuzi wa mamlaka ya serikali wa mwaka 1979, chupa yenye maneno hayo isipungue ukali wa pipa kwa zaidi ya prufu 2, yaani asilimia 1 ya ujazo. Maneno mengine kama "kali" au "halisi" hayana uzito huo, na mnunuzi anapaswa kuyasoma kama matangazo tu.

Kwa nini ukali hupanda ghalani

Pipa la kawaida hubeba takriban lita 200. Linapolala ghalani, maji na alkoholi hupenya mbao na kutoweka hewani. Kinachopotea huitwa fungu la malaika, na katika Kentucky hukadiriwa kuwa asilimia 3 hadi 5 kwa mwaka.

Maji na alkoholi havitoweki kwa kasi moja. Katika ghorofa za juu za maghala ya Kentucky, ambako kiangazi kuna joto kali na hewa kavu, maji hutoka haraka zaidi, na wiski inayobaki huwa kali kuliko ilivyoingia. Chini, karibu na ardhi, kuna ubaridi na unyevu, na huko ukali unaweza kubaki palepale au kushuka. Uskoti, ambako hali ya hewa ni ya baridi na unyevunyevu, kwa kawaida wiski hupungua ukali kadiri inavyozeeka.

Hapo ndipo inapopatikana njia rahisi ya kusoma chupa. Kwa kuwa hakuna bourbon inayoruhusiwa kuingia katika pipa ikiwa juu ya asilimia 62.5, kila chupa inayozidi kiwango hicho imepanda ikiwa ghalani. Chupa ya asilimia 67 imekaa mahali pa joto, ikapoteza maji mengi, na pamoja na maji hayo imepotea sehemu kubwa ya pipa zima. Ndiyo sababu mojawapo ya bei yake.

Historia

Kabla ya chupa za kiwandani, wiski yote ilikuwa ya pipa. Katika karne ya 19 wenye maduka na vilabu walinunua mapipa, na wateja walikuja na vyombo vyao. Kati ya kiwanda na mteja walikuwapo wafanyabiashara wengi, na baadhi yao waliongeza maji, rangi, juisi ya matunda makavu, hata maji ya tumbaku ili pombe changa ionekane nzee. Mnywaji hakuwa na namna ya kujua alichouziwa. Mwaka 1870 George Garvin Brown wa Louisville alianza kuuza Old Forester katika chupa zilizofungwa, ili kilichomo kiwe kilekile mpaka mteja anapofungua.

Mwaka 1897 ilipitishwa sheria ya kutia wiski chupani chini ya ulinzi wa serikali, iliyopiganiwa na mkenekaji Edmund H. Taylor Mdogo. Wiski iliyotaka muhuri huo ilipaswa kutoka kiwanda kimoja na msimu mmoja, ikae ghalani chini ya usimamizi wa serikali kwa miaka isiyopungua 4, na itiwe chupani ikiwa na prufu 100 kamili. Tangu hapo namba 100 ikawa kwa Wamarekani wengi alama ya wiski isiyochakachuliwa, na heshima inayopewa prufu kubwa hadi leo ina mizizi yake hapo.

Marufuku ya pombe ya miaka 1920–1933 ilifunga viwanda vingi. Baadaye, katika miaka ya 1970, Wamarekani wengi walihamia vodka na vinywaji vyepesi, na bourbon ikashuka thamani. Mapipa yalibaki ghalani bila wanunuzi. Wakenekaji walitafuta njia ya kuuza wiski chache kwa bei ya juu badala ya nyingi kwa bei ya chini. Mwaka 1988 Booker Noe wa kampuni ya Jim Beam, mjukuu wa Jim Beam mwenyewe, alitoa Booker's, bourbon isiyozimuliwa wala kuchujwa kwa baridi, kama alivyopenda kuionja ghalani. Wild Turkey ikafuata na Rare Breed mwaka 1991. George T. Stagg ya kiwanda cha Buffalo Trace ilitokea 2002, Elijah Craig ya nguvu ya pipa 2013, na Maker's Mark ya namna hiyo 2014.

Asili ya harufu na ladha

Sehemu kubwa ya anachokitambua mwonjaji imetoka kwenye mbao. Pipa hutengenezwa kwa mwaloni mweupe wa Amerika na kuchomwa ndani kwa muda mfupi, mara nyingi chini ya dakika moja, mpaka lifanye tabaka la makaa. Nyuma ya makaa hayo moto huvunja sukari za mbao zikawa kama sukari iliyoungua, na lignini ikatoa vanilini, kemikali ileile inayoipa vanila harufu yake. Laktoni za mwaloni huleta harufu ya nazi. Tanini huleta ukakasi ule unaokausha ulimi kama chai iliyokolea. Guaiakoli huleta moshi.

Kemikali nyingine ya mbao ni eugenoli. Hii ndiyo sehemu kuu ya mafuta ya karafuu, na waonjaji wanaosema kwamba bourbon nzee inanukia karafuu wanasema kweli kwa maana ya kikemia. Mtu wa Pemba hahitaji kufundishwa hapo.

Nafaka na hamira nazo zina fungu lao. Mahindi huleta utamu, rai huleta ukali kama wa pilipili manga, ngano hulainisha. Uchachushaji huzaa esta, ambazo baadhi zinanukia ndizi mbivu au matofaa. Katika wiski iliyozimuliwa vitu vyote hivi vimepungua kwa pamoja. Pia wiski iliyo chini ya asilimia 46 hivi huweza kufanya ukungu ikipata baridi, kwa sababu mafuta na esta fulani hujitenga; viwanda vingi huipoza na kuichuja ili ing'ae, na katika kuchuja hupotea sehemu ya uzito wa kinywaji mdomoni. Bourbon ya nguvu ya pipa haina tatizo hilo, hivyo nyingi hazichujwi kwa baridi.

Jinsi ya kuonja

Kiasi kinachotosha ni mililita 15, yaani vijiko vitatu vya chai. Glasi inayofaa ni ile yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, umbo la ua la tulipu, kwani hukusanya harufu. Kwa pombe kali sana hata glasi hiyo ina hatari yake: hukusanya mvuke wa alkoholi pia. Kwa hiyo wiski huachwa itulie dakika 10 hadi 15 kabla ya kuguswa, na haizungushwi katika glasi kama divai.

Kunusa huanzia mbali. Glasi hushikwa usawa wa kidevu, mdomo ukiwa wazi kidogo, na hewa huvutwa kwa pumzi fupi. Kisha huinuliwa polepole hadi harufu zianze kutengana. Anayetumbukiza pua moja kwa moja hupigwa na alkoholi, na pua iliyokwisha kupigwa huchukua dakika kadhaa kurudi katika hali yake.

Ule moto haumaanishi kwamba kinywaji kina joto. Alkoholi huamsha kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1, ambacho kazi yake ni kutambua joto la kuunguza, na huishusha nyuzi inayohitajika ili kiamke, kiasi kwamba hata joto la kawaida la mwili huhisiwa kama moto. Pilipili huamsha kipokezi hichohicho kwa njia yake. Ndiyo maana chakula chenye pilipili kabla ya kuonja huharibu kazi yote.

Funda la kwanza liwe dogo sana, la kulowesha ulimi tu. Halihukumiwi, kazi yake ni kuuzoesha mdomo. Funda la pili huzungushwa mdomoni kana kwamba linatafunwa, mtindo unaohusishwa na Booker Noe, ili kimiminika kifike pande zote. Utamu huja mapema, viungo hufuata, ukakasi hukawia. Baada ya kumeza au kutema, mwonjaji hutoa pumzi kwa pua na kusikiliza kinachobaki. Katika bourbon nzuri ladha hiyo hudumu na kubadilika, kwa mfano kutoka sukari iliyoungua hadi mdalasini, kisha tumbaku kavu. Katika bourbon duni kinachobaki ni joto tu.

Maneno ya kueleza ladha hutegemea kumbukumbu za mtu. Vitabu vya Kimarekani hutaja cheri na sharubati ya mti wa mepo, vitu ambavyo Waswahili wengi hawajavionja. Hakuna sababu ya kuviiga. Sukari guru, halua, kashata ya nazi, kungumanga na korosho za kukaanga ni maneno sahihi pale yanapolingana na kilichomo katika glasi.

Wanaoonja chupa kadhaa huanza na iliyo na ukali mdogo na kumalizia na kubwa, kwa sababu mdomo uliozoea asilimia 66 huiona ya asilimia 45 kama maji. Kati ya moja na nyingine hunywa maji na kula mkate mtupu. Baada ya tatu au nne hivi, hukumu haiaminiki tena hata kwa mzoefu.

Maji

Kuongeza maji si dalili ya udhaifu, ingawa wapo wanaojivunia kutoyatumia. Wachanganyaji wa viwandani wenyewe huzimua sampuli wanapozikagua, na mara nyingi huzishusha hadi karibu asilimia 20 ili kasoro zisijifiche nyuma ya moto.

Maelezo ya kikemia yalitolewa mwaka 2017 na Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi. Kwa kutumia hesabu za kompyuta walionyesha kwamba katika mchanganyiko usiozidi asilimia 45 za alkoholi, guaiakoli hukaa karibu na uso wa kimiminika, mahali inapoweza kunuswa. Ukali ukivuka asilimia 59, alkoholi huizunguka na kuizamisha. Kwa maana hiyo baadhi ya harufu za bourbon ya nguvu ya pipa zimo ndani ya glasi lakini hazijafika juu, na maji ndiyo yanayozipandisha. Hata hivyo huo ulikuwa mfano wa kompyuta uliofuatilia kemikali moja, na hautoi kanuni ya wiski zote.

Hesabu ya kuzimua ni rahisi: ujazo mara asilimia ya mwanzo, gawanya kwa asilimia inayotakiwa. Mililita 30 za asilimia 65 zikitakiwa kushuka hadi 50, jumla iwe mililita 39. Maji ya kuongeza ni 9, pungufu kidogo ya vijiko viwili vya chai. Kufika 45 yanahitajika 13. Mwonjaji makini haendi huko kwa mkupuo. Huanza na matone machache, hunusa, huonja, huongeza tena, na huandika ni wapi utamu ulifunguka na ni wapi kinywaji kilianza kuwa chepesi. Kila chupa ina mahali pake. Akipita hapo hawezi kurudi, isipokuwa kwa kumimina upya.

Barafu ni jambo lingine. Hupunguza moto, lakini ubaridi huzuia harufu kupanda na kufanya ulimi uwe mzito. Kwa kinywaji cha jioni ya joto haina ubaya, ila kwa uonjaji wa kulinganisha haifai.

Ukali na ubora

Kwa kuwa chupa kali huwa adimu na ghali, wanunuzi wengi hudhani namba kubwa ni wiski bora. Si hivyo. Ukali wa mwisho hutokana na ukali ambao pombe iliingia nao katika pipa, ghorofa ilipokaa, hali ya hewa na umbo la ghala. Maker's Mark hutia pombe yake kwenye mapipa ikiwa na prufu 110, chini ya kikomo cha 125, kwa hiyo chupa zake za nguvu ya pipa huzunguka asilimia 55 tu. Hazikuzimuliwa, zilianza chini. Kinyume chake, wiski ya asilimia 68 inaweza kuwa imepikwa na joto la darini hadi mbao zikazidi, ikawa chungu na kavu.

Namba haisemi umri pia. Bourbon inayoruhusiwa kuitwa ya moja kwa moja inahitaji miaka 2 tu ya pipa, na kama iko chini ya miaka 4 umri lazima uandikwe kwenye lebo. Toleo moja hutofautiana na lingine hata kwa jina lilelile. Elijah Craig ya nguvu ya pipa hutoka mara tatu kwa mwaka, na msimbo wake huanza na A, B au C kuonyesha ni toleo la ngapi, ikifuatiwa na mwezi na mwaka. Sifa iliyopewa toleo la mwezi wa kwanza haihamii kwa lile la Septemba.

Wakusanyaji hutafuta hasa chupa zilizovuka prufu 140, yaani asilimia 70, na kuziita kwa utani mizigo ya hatari. Utani huo una msingi: kanuni za usafiri wa anga za Marekani zinakataza abiria kubeba pombe inayozidi asilimia 70, iwe mkononi au katika sanduku. Iliyo kati ya 24 na 70 huruhusiwa kwenye mizigo hadi lita 5 kwa mtu, ikiwa haijafunguliwa.

Usalama na afya

Mililita 30 za bourbon ya asilimia 65 zina takriban gramu 15 za alkoholi tupu, sawa na iliyomo katika mililita 390 za bia ya asilimia 5. Kipimo cha baa cha Marekani, mililita 44, kikijazwa kinywaji hicho kina zaidi ya mara moja na nusu ya alkoholi inayohesabiwa huko kuwa kinywaji kimoja. Mnywaji aliyezoea kuhesabu glasi hukosea hapo kwa urahisi. Maji yaliyoongezwa hulainisha ladha lakini hayapunguzi alkoholi iliyomo katika glasi, hivyo aliyeonja wiski iliyozimuliwa amekunywa kiasi kilekile. Waamuzi wa mashindano hutema, na anayetaka kuonja chupa zaidi ya moja anafanya vema kuwafuata; anayeendesha gari asinywe kabisa.

Alkoholi imo katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa, na Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Umri wa chini kisheria wa kununua pombe ni miaka 21 Marekani na miaka 18 Kenya na Tanzania.

Kwenye ukali huu kinywaji kinawaka kirahisi hata katika joto la kawaida la chumba, kwa hiyo hakimiminwi karibu na mshumaa, jiko au sigara. Chupa huhifadhiwa ikiwa imesimama, mbali na jua, kwa sababu alkoholi kali ikigusa kizibo kwa muda mrefu hukila na kukivunja.